Meza Ikichafuka: Kutafuta Chanzo cha Ugomvi Kwenye Michezo ya Wahusika

Kikao kilianza saa nane mchana. Wachezaji watano na msimulizi, chupa ya chai, sahani ya kashata. Ilipofika saa kumi na moja, wawili kati yao walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya upanga wa kichawi usiokuwepo popote ila kwenye karatasi, umeandikwa kwa penseli. Msimulizi nilikuwa mimi. Nikafanya lile ambalo wengi hulifanya: nikaamua upanga ni wa nani. Ugomvi haukuisha, maana haukuwa wa upanga. Yule aliyeung'ang'ania alikuwa amekaa saa tatu nzima bila kupata nafasi ya kufanya jambo lolote la maana, na ule upanga ndio kitu cha kwanza kilichomfikia mkononi.

Nimeendesha michezo mingi tangu siku hiyo, na ninachokiona ni kilekile: kinacholalamikiwa na kinachouma mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kile unachokiona mezani, kisha unatafuta vyanzo vyake, cha kawaida kwanza na cha nadra mwisho. Wengi wetu huanzia mwisho. Tunamwita mtu mkorofi kabla hatujaangalia kama zamu yake imefika.

Kwa aliye mgeni: nazungumzia michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimulizi anabeba dunia iliyobaki: maadui, wenye maduka, mvua. Mtu anasema anachotaka kufanya, na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu hurushwa, mara nyingi ile yenye pande 20. Mshindi hakuna. Kwenye bao, aliyefungwa anajua amefungwa, anainuka anampisha mwingine. Huku hakuna kufungwa, hivyo hakuna kipimo cha wazi cha nani kamkosea nani, na refa pekee ni msimulizi, ambaye naye ana hamu zake na uchovu wake.

Kabla hujamgusa mtu

Jiulize tatizo liko ndani ya hadithi au liko kwenye viti. Wahusika wawili wakitukanana huku wenye wahusika wamefurahi, hapo hakuna cha kutibu. Wahusika wakisalimiana kwa adabu huku wenye wahusika wameinamisha vichwa, kuna jambo. Kisha jiulize lilianza lini. Karibu kila mara lina siku yake: siku alipoingia mchezaji mpya, siku mhusika wa fulani alipokufa, siku mlipohamia nyumba ya mwingine.

Na ukishajua ni la kwenye viti, usilitibu ndani ya hadithi. Radi ikimpiga ghafla mhusika aliye mwizi wa kundi kwa sababu mchezaji mwenye mwizi huyo anakera, kila mtu mezani anajua radi hiyo imetoka wapi. Mwenye mwizi atakachojifunza ni kwamba msimulizi hulipiza kisasi, basi.

Dalili: mmoja anaongea, wengine wanatazama dari

Chanzo cha kwanza ni swali la msimulizi mwenyewe. "Mnafanya nini?" ni swali lisilo na mwenyewe, na swali lisilo na mwenyewe hujibiwa na mwenye mdomo mwepesi. Kwa nusu saa jaribu kuuliza kwa jina, tena ukianza na aliye kimya zaidi: "Wewe umesimama karibu na mlango. Unasikia hatua za mtu. Unafanya nini?" Kama meza imebadilika, umepata dawa, na yule uliyedhani ni mpenda sifa alikuwa anajaza ukimya tu ili mchezo usife.

Chanzo cha pili ni lugha, na kwetu hiki ndicho kizito kuliko vyote. Vitabu vya michezo hii karibu vyote tunavipata kwa Kiingereza, kurasa mia tatu na kitu, herufi ndogo. Mezani tunaongea Kiswahili, lakini uwezo wa mhusika umeandikwa kwa Kiingereza, hivyo anayekisoma haraka ndiye anayejua mhusika wake anaweza nini, na baada ya muda anajua pia wahusika wa wenzake wanaweza nini. Anaanza kuwasaidia. Msaada unageuka kuwa amri. Nimemwona dada mmoja, mtu hodari wa kusimulia, akicheza vikao vitatu huku kila zamu yake ikiamuliwa na jirani yake wa kushoto: "Hapana, usipige, tumia ule uganga wako." Wote mmewahi kuona watu wanaosimama nyuma ya mcheza bao wakimwambia kete za kula. Mwenye zamu anabaki kuwa mkono tu.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Chukua kadi, andika kwa Kiswahili mambo matano ambayo mhusika wake anaweza kufanya, na hesabu yake: "Kupiga upinde: rusha dadu ya 20, ongeza 5." Kadi ikae mbele yake. Halafu weka utaratibu kwamba ushauri hutolewa ukiombwa. Hakuna haja ya kumtaja mtu, utaratibu ni wa wote. Yule dada alipopata kadi yake, kikao cha nne aliwasha moto daraja ambalo sisi wengine wote tulikuwa tumepanga kulivuka, na ikawa ndiyo hadithi bora tuliyopata mwaka ule.

Ipo njia pana zaidi. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, iliachia muhtasari wa kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huo chini ya leseni huria ya Creative Commons. Maana yake, sehemu ile unaruhusiwa kuitafsiri, kuichapa na kuigawa, mradi utaje ilikotoka. Kikundi chenye watu wawili wanaoelewa lugha zote mbili kinaweza kujitengenezea kijitabu cha kurasa kumi. Sijaona kitu kinachosawazisha meza kuliko hicho.

Ukishaondoa hayo yote na bado mtu anameza nafasi za wenzake, basi huyo kweli ana tabia hiyo. Zungumza naye pembeni, kabla ya kikao, si baada yake watu wakiwa wamechoka. Mpe kazi: "Naomba leo unisaidie kumwingiza fulani kwenye mazungumzo." Mtu mwenye maneno mengi akipewa jukumu la kumvuta mwenzake, mara nyingi hulifanya vizuri mno.

Dalili: "Ndivyo mhusika wangu alivyo"

Mwizi wa kundi anaiba dhahabu ya mganga wakati mganga amelala. Mwenye mganga anakasirika. Mwenye mwizi anainua mabega: mimi nifanyeje, huyu ni mwizi, ndivyo alivyo.

Sentensi hii huvunja vikundi vingi, na inasikika kama ina haki ndani yake, maana tumekubaliana kuigiza. Lakini mhusika hakuzaliwa. Kuna mtu alikaa akamwandika, na mtu huyohuyo anaweza kuamua kwamba mwizi wake huiba kwa matajiri wa mjini na kamwe hawaibii wanaomfunga majeraha. Mwambie hivyo kwa upole, ila usimwambie kabla hujajua kwa nini ameiba, kwa kuwa vyanzo ni vingi na kila kimoja kina njia yake.

Huenda amechoshwa. Angalia kikao hicho mwizi alipewa nini cha kufanya. Kama ni mapigano matupu tangu mwanzo, mtu aliyetengeneza mhusika wa kufungua makufuli atatafuta kufuli popote alipo, hata kama ni mfuko wa mwenzake. Mpe mlango uliofungwa.

Huenda alidhani ndio mchezo wenyewe. Ipo michezo ambayo usaliti ni sehemu ya raha yake. Paranoia ya mwaka 1984 imejengwa juu ya wahusika kuchongeana, na Fiasco, iliyotoka 2009 na isiyohitaji msimulizi, huenda vizuri zaidi pale mipango ya wahusika inapoporomoka kwa tamaa zao. Aliyetokea huko akija kwenye kundi la marafiki wanaookoa kijiji, hajakosa adabu. Amekuja na kanzu kwenye mechi ya mpira. Kosa ni letu tuliomkaribisha bila kumweleza.

Huenda kuna neno la nje. Deni, maneno yaliyosemwa kwenye kundi la WhatsApp, mapenzi. Hapo mchezo umegeuka kuwa uwanja wa kupigania kitu kingine, na hakuna kanuni ya kitabuni itakayosaidia. Simamisha, wape chai, wazungumze wao.

Kwa vyanzo vyote hivyo tunatumia utaratibu mmoja, na naupendekeza kwa kila meza: mhusika akimfanyia mhusika mwenzake jambo la kumdhuru, kumwibia au kumlaghai, anayetendewa ndiye anayeamua limefaulu au halikufaulu. Dadu haiguswi. Mwenye mganga akisema "Sawa, ameniibia, na asubuhi nitagundua," mnapata hadithi nzuri. Akisema "Hapana, nimeamka nikamshika mkono," mnapata nyingine nzuri. Utaratibu huu unafaa hasa kwenye ushawishi. Mchezaji mwenye mhusika mtamu wa maneno hurusha dadu, anapata jumla ya 24, halafu anamwambia mwenzake: "Nimekushawishi, lazima unifuate." Hapana. Dadu ya ushawishi ni ya kumrushia mwenye duka au mlinzi wa lango. Rafiki mwenzako mshawishi kwa maneno yako mwenyewe.

Dalili: dadu za mtu zimekuwa nzuri mno

Hapa nenda taratibu kuliko popote, maana neno "umechakachua" likishatamkwa halirudi mdomoni.

Anza na hesabu. Uwezekano wa kupata 20 kwenye dadu ya pande 20 ni 1 kati ya 20. Mtu akirusha mara 15 katika kikao, ana nafasi zaidi ya nusu ya kuiona 20 angalau mara moja. Kuiona mara tatu au zaidi kwa mtu mmoja ni jambo la takriban kikao 1 kati ya 28. Linaonekana la ajabu. Lakini mkiwa watano mezani, kwamba mmoja wenu yeyote atapata bahati hiyo ni kama kikao 1 kati ya 6. Mkikutana kila wiki, mtaiona bahati ya namna hii mara kadhaa kwa mwaka bila mtu yeyote kudanganya. Jioni moja nzuri si ushahidi.

Baada ya bahati huja kosa la kujumlisha. Chukua karatasi ya mhusika mhesabu pamoja. Mara kwa mara nimekuta mtu anaongeza ustadi wake mara mbili kwa sababu tayari ulikuwa umejumlishwa kwenye namba iliyoandikwa. Kisha kuna dadu inayoegemea kitabu, ikarushwa tena pale tu ilipokuwa mbaya. Hilo watu hulifanya bila kujijua. Kubalianeni kabla: iliyoegemea au kuanguka sakafuni inarudiwa siku zote, iwe nzuri au mbaya.

Na kwa jumla, rusheni kwenye sinia. Sinia ya kawaida ya jikoni, mmetandika kitambaa ili isipige kelele, iko katikati ya meza na kila dadu inaonekana na wote. Tulipoanza kutumia sinia hakuna aliyeshutumiwa, na shaka ikaisha yenyewe.

Ikibaki kwamba mtu anadanganya kweli, muulize anaogopa nini. Kwenye meza nyingi kushindwa maana yake ni kukaa nusu saa ukitazama wenzako wakicheza. Hapo kudanganya ni njia ya kubaki ndani. Msimulizi akifanya kushindwa kuwe na mwendelezo (kufuli limefunguka lakini mlinzi amesikia), hamu ya kudanganya hupungua sana. Kuhusu namba za kuanzia za mhusika (za nguvu, akili na nyinginezo), kama kurusha dadu nne na kuacha ndogo kunaleta manung'uniko kwamba fulani alirushia nyumbani peke yake, tumieni zile namba sita zilizopangwa kitabuni: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Kila mtu anazipanga anavyotaka, na wote wameanza sawa.

Msimulizi naye hayuko nje ya hili. Wapo wanaorusha nyuma ya pazia la karatasi na kubadilisha matokeo ili hadithi iwe nzuri, na wana sababu zao. Mimi niliacha. Nikimwokoa mmoja kwa siri, nimeamua pia kwamba yule niliyemwacha afe hakustahili kuokolewa, na yeye hajui. Sasa narusha kwenye sinia ileile.

Dalili: kanuni moja imekula saa nzima

Uliza kwanza kila mmoja anasoma kitabu kipi. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lilitoka 2014, na vitabu vilivyorekebishwa vikatoka 2024, na vinafanana kiasi cha kumdanganya mtu. Uganga wa kuponya majeraha wa daraja la kwanza ulirudisha uhai wa dadu moja ya pande 8 kwenye kitabu cha 2014. Kwenye cha 2024 ni dadu mbili. Watu wawili wanaweza kugombana hadi magharibi na wote wakawa sahihi. Chagueni kimoja, andikeni kwenye jalada la daftari la kikundi.

Kama kitabu ni kimoja, msimulizi asikilize kila upande kwa dakika moja, aamue, aandike swali pembeni, mchezo uendelee. Jibu litafutwe baada ya kikao na litumike kuanzia kikao kijacho. Ila kama uamuzi huo utamuua mhusika wa mtu, simamisheni mtafute palepale. Mtu aliyeishi na mhusika kwa miezi minane anastahili dakika kumi zenu.

Dalili: mtu amenyamaza ghafla, au amesema anakwenda kupokea simu na hakurudi

Hii ndiyo dalili ninayoijali kuliko zote, kwa sababu haipigi kelele.

Niliwahi kumweka kwenye hadithi mganga mwovu aliyekuwa akitafuta viungo vya watu kwa ajili ya dawa ya utajiri. Nilidhani inatisha vizuri. Mchezaji mmoja alikusanya dadu zake taratibu akasema kichwa kinamuuma. Kesho yake nilijua kwamba ana mdogo wake mwenye ualbino. Kwa Tanzania, baada ya mauaji tuliyoyashuhudia kwa miaka, hiyo haikuwa hadithi ya kubuni kwake hata kidogo. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwao, na nilistahili kwenda.

Vitabu vingi vya ushauri vimeandikwa na watu ambao kwao uchawi na majini ni mapambo. Kwetu, mezani kunaweza kuwa na mtu anayeamini mambo hayo kabisa, mwingine ambaye imani yake inamkataza hata kuyaigiza, na mwingine ambaye bibi yake alifukuzwa kijijini kwa kuitwa mchawi. Kabila la watu halisi kugeuzwa mazimwi ya hadithi ni jeraha jingine. Haya hayajulikani kwa kukisia. Yanaulizwa.

Ulizeni kabla ya kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, kuanza; kikao kizima bila dadu. Tumieni njia ya mistari na mapazia aliyoiandika Ron Edwards, mbunifu wa michezo hii: mstari ni jambo ambalo halitaingia kabisa kwenye hadithi, pazia ni jambo linaloweza kuwepo lakini halielezwi, tunalifunika na kusonga mbele. Kila mtu aandike yake kwenye kikaratasi bila jina, msimulizi ayasome yote. Kisha wekeni mezani kadi yenye alama ya X, chombo alichokibuni John Stavropoulos, naye mbunifu wa michezo. Anayeguswa na jambo anaigusa kadi, jambo linaondolewa, hakuna kuulizana kwa nini. Watu wengine huona aibu kuigusa, kwa hiyo msimulizi aiguse kwanza yeye, kwa jambo dogo, kikao cha kwanza. Wakishaona hakuna aliyecheka, wataitumia.

Na kama hamkufanya hayo na mtu tayari amenyamaza, tangaza mapumziko ya chai kwa wote. Usimuulize mbele za watu. Mfuate jikoni.

Dalili ndogondogo

Kuchelewa: kwa Dar es Salaam wakati wa mvua hakuna wa kulaumiwa. Panga saa moja ya kufika na nyingine ya kuanza, na ikifika ya kuanza, anzeni na waliopo.

Simu: hesabu dakika kati ya zamu za mtu mmoja. Raundi ya mapigano, yaani zamu moja kwa kila mtu, ni sekunde 6 ndani ya hadithi, lakini kwa wachezaji sita inaweza kula dakika ishirini na tano mezani. Mtu lazima ataangalia simu. Mtangazie anayefuata ajiandae wakati mwingine anacheza, na aliyekufa mhusika wake umpe adui mmoja amwendeshe.

Kujua yasiyojulikana: mchezaji amesoma kwamba zimwi fulani huogopa moto, mhusika wake hajawahi kuliona. Hawezi kusahau alichosoma. Badilisha zimwi.

Mmezungumza naye mara tatu na bado

Wakati mwingine chanzo ni kwamba mtu huyu na meza hii havikai pamoja. Mwambie ana kwa ana, watu wawili, asubuhi au mchana. Usimwondoe kimyakimya kwenye kundi la WhatsApp akagundua mwenyewe siku ya kikao. Eleza jambo moja au mawili aliyoyafanya, usieleze yeye ni mtu wa namna gani. Mrudishie dadu zake zilizobaki kwako na karatasi ya mhusika wake, kwa kuwa ni kazi ya mikono yake. Wengine waambie kwa ufupi kwamba fulani hatakuwa nasi kwenye kampeni hii, na wakianza kumsema, zuia.

Mhusika wake kwenye hadithi usimuue kikao kinachofuata, hata kama kundi linakuomba. Mwache aondoke na msafara wa wauza chumvi kuelekea pwani, na mzigo wake wote, na sehemu yake ya dhahabu.